Muhtasari wa Maneno au wa Picha? Namna ya Kuamua Kabla Hujaanza Kufupisha

Ukiwa na makala ndefu ya mtandaoni unayotaka kuifupisha, uamuzi mgumu kuliko wote ni wa umbo: uandike aya mbili tatu, au uchore? Wengi huamua kwa mazoea. Mwenye mkono wa kuchora huchora, mwenye mkono wa kuandika huandika, na anayetegemea programu hupokea chochote inachomtolea. Ndiyo maana kuna picha nyingi za kupendeza ambazo ukishazifunga huna unachokumbuka, na kuna aya ndefu zinazohangaika kueleza jambo ambalo mchoro mdogo ungelimaliza.

Kinachopaswa kuamua ni namna hoja za maandishi yale zinavyoshikana. Jambo hilo hupimika kwa kalamu na karatasi, kwa dakika 10 hadi 15, kabla hujafungua programu yoyote ya kuchora wala ya kuandikia.

Pima viunganishi

Soma makala yote mara moja bila kuandika kitu. Isome mara ya pili ukitoa hoja kuu, 5 hadi 9, kila moja kwenye mstari wake na kwa maneno yasiyozidi 12. Zikizidi 9, ama umechukua mifano ukaiita hoja, ama makala ni mbili zilizobanwa pamoja na kila moja inastahili muhtasari wake.

Sasa chukua hoja mbili zinazohusiana na uandike kati yake neno moja linaloziunganisha. Fanya hivyo kwa kila jozi yenye uhusiano wa kweli. Usilazimishe, hoja nyingine hazina jirani. Ukimaliza, angalia maneno uliyoandika.

Yakiwa mengi ni *kwa sababu, ingawa, isipokuwa, endapo, hata hivyo, licha ya, mradi*, andika muhtasari wa maneno. Mshale kwenye mchoro unaweza kusema kwamba hili huleta lile. Hauwezi kusema kwamba hili huleta lile, ila si kila mara, na endapo lile la tatu lipo basi hapana. Ukijaribu kuchora masharti ya namna hiyo utaishia kuandika sentensi ndogo juu ya kila mshale, na hapo umeandika muhtasari wa maneno kwa njia ngumu na kwa herufi ndogo. Ukanushi una tabu yake pia: kuchora kitu ambacho hakitokei, lazima kwanza ukichore kisha ukikate kwa mstari. Msomaji anayepitisha kidole haraka huona kitu, mstari uliokikata humpita.

Yakiwa mengi ni *kabla ya, baada ya, zaidi ya, pungufu ya, ni sehemu ya, hugawanyika kuwa, iko karibu na, hupitia*, chora. Sababu yake ilielezwa vizuri na watafiti Jill Larkin na Herbert Simon mwaka 1987: katika maandishi, taarifa mbili zinazohitajiana zinaweza kuwa mistari kumi mbali, na msomaji hulazimika kushika moja kichwani huku akiitafuta nyingine. Mchoro huziweka mahali pamoja. Anachokiokoa msomaji ni ile kazi ya kutafuta. Pale ambapo hakuna cha kutafuta, mchoro haumwokolei kitu.

Kuna kundi la tatu ambalo husahaulika: *na, pia, vilevile, aidha, tena*. Hoja zinazounganishwa na maneno hayo hazishikani kabisa, zimepangwa tu. Hapa usichore. Vidokezo 7 vya usalama wa nenosiri, kila kimoja na kialama chake cha kufuli, ngao au ufunguo, ni orodha iliyovalishwa nguo za mchoro. Ile ngao haimwambii msomaji lolote ambalo sentensi iliyo kando yake haijasema, na kazi ya kuitafuta, kuipaka rangi na kuipanga imekula saa nzima. Andika orodha, weka jambo zito juu, basi.

Kama viunganishi vimeelemea upande mmoja kwa theluthi mbili au zaidi, uamuzi umepatikana. Vikigawanyika karibu sawa, tenganisha kazi: sehemu yenye umbo la picha ipewe picha, iliyobaki iandikwe. Namna ya kuviweka pamoja bila kimoja kurudia kingine imeelezwa mbele.

Mfano: makala kuhusu betri ya simu

Tuseme una makala ya maneno 1,800 kuhusu kutunza betri za litiamu. Ukiisoma mara mbili unabaki na hoja hizi:

1. Betri huchakaa taratibu hata isipotumika.
2. Joto huharakisha uchakavu.
3. Betri iliyojaa huumizwa na joto zaidi.
4. Kuchaji kati ya asilimia 20 na 80 huichosha kidogo kuliko kwenda 0 hadi 100.
5. Kujaza hadi 100 si hatari. Huongeza uchakavu kidogo tu.
6. Kuichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huidhuru moja kwa moja, maana litiamu hujikusanya kama metali kwenye ncha hasi badala ya kuingia ndani yake.
7. Simu inayowekwa kwa miezi iachwe na chaji ya karibu nusu.

Weka viunganishi. Kati ya 1 na 2 ni *zaidi endapo*. Kati ya 2 na 3 ni *hasa ikiwa*. Ndani ya 4 kuna *kuliko*. Kati ya 4 na 5 ni *hata hivyo*. Hoja ya 6 ina *kwa sababu*, ya 7 ina *endapo*. Ni hoja moja tu, ya 4, yenye umbo la picha: ukanda wa kutoka 0 hadi 100 wenye eneo la katikati lililokolezwa.

Lakini makala kama hii ndiyo hasa inayochorwa kila siku, na huchorwa hivi: ukanda mmoja, katikati kijani, ncha zote mbili nyekundu. Angalia kilichotokea. Nyekundu kwa msomaji ni hatari, kwa hiyo hoja ya 5 imegeuzwa kinyume chake. Mtu anayetegemea simu yake siku nzima anaondoka nyumbani na asilimia 80 akidhani kuijaza kutailipua. Na hoja ya 6, ambayo ndiyo inayotaja kinachoidhuru betri moja kwa moja, haimo kabisa kwa sababu haina mahali kwenye ukanda ule. Picha haikusema uongo kwa neno lolote. Rangi ndiyo iliyosema.

Kwa maneno, makala ile hufupishwa hivi:

*Betri ya simu huchakaa taratibu hata isipotumika. Joto huharakisha uchakavu huo, na huuharakisha zaidi betri ikiwa imejaa. Kuchaji kidogo kidogo kati ya asilimia 20 na 80 huichosha kidogo kuliko kuishusha hadi 0 kisha kuijaza hadi 100. Hata hivyo, kuijaza kabisa si hatari: ukihitaji chaji ya siku nzima, ijaze. Kinachodhuru kweli ni kuichaji ikiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, kwa sababu madhara yake hayarekebishiki. Simu utakayoiweka kwa miezi bila kuitumia iache na chaji ya karibu nusu.*

Ni maneno 77. Kila *hata hivyo* na *kwa sababu* iliyokuwa na uzito imebaki mahali pake. Ukitaka kuongeza ule ukanda, upake rangi moja tu, iliyokolea katikati na kufifia kuelekea kwenye ncha, bila nyekundu.

Ukishaamua kuchora, kiunganishi ndicho kinachochagua mchoro

*Kabla* na *baada* hutaka mstari wa wakati au mchoro wa hatua. Tofauti yake ni hii: mstari wa wakati una kipimo, yaani miaka 10 ichukue nafasi mara mbili ya miaka 5, mchoro wa hatua hauna kipimo, una mfuatano tu. Ukiweka matukio ya 1950, 1955 na 2010 kwa nafasi sawa, umemwambia msomaji kwamba yamekaribiana sawasawa. Kama huna nafasi ya kutosha ya kuheshimu kipimo, tumia mchoro wa hatua na uandike miaka ndani ya visanduku.

*Ni sehemu ya* na *hugawanyika kuwa* hutaka mti au ramani ya mawazo. Usizidishe ngazi 3. Ngazi ya nne kwenye simu haisomeki, na mara nyingi ni mifano ambayo ingeachwa.

*Karibu na* na *hupitia* hutaka ramani. Hapa kuna somo kubwa katika ramani ya treni za chini ya ardhi za London aliyoichora Harry Beck, iliyotolewa kwa umma mwaka 1933. Aliacha umbali halisi, akanyoosha njia zote ziwe wima, mlalo au mshazari, akabakiza kile ambacho abiria anakihitaji: vituo vinafuatanaje, na treni hubadilishwa wapi. Ramani hiyo haifai kabisa kwa mtu anayetaka kujua kama anaweza kutembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo. Muhtasari wa picha hujibu swali moja vizuri kwa kuyaacha mengine. Andika swali hilo juu ya karatasi kabla hujachora, na kila kisichosaidia kulijibu kifute.

*Zaidi ya* na *pungufu ya* hutaka chati, na hapa ndipo makosa ni mengi zaidi. Wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba macho ya binadamu hulinganisha mahali pa vitu kwenye kipimo kimoja kwa usahihi kuliko yanavyolinganisha pembe au maeneo. Kwa hiyo nguzo zilizoanzia mstari mmoja hushinda duara lililokatwa vipande. Vipande vya asilimia 18, 20 na 22 kwenye duara havitofautiki bila kusoma namba, na kama lazima usome namba, jedwali lingetosha. Duara linafaa pale unapotaka kuonyesha kwamba kitu kimoja kimepita nusu, au ni robo, ya jumla. Alama zinazokuzwa, kwa mfano mtu mdogo na mtu mkubwa, ndizo mbaya zaidi: ukiongeza urefu mara 2, upana nao huongezeka mara 2, na eneo linakuwa mara 4. Jicho huona mara 4.

Nguzo zianzie sifuri, daima. Urefu wa nguzo ndio ujumbe wake. Ukianzia 90, thamani ya 96 inaonekana mara 3 ya 92. Grafu ya mstari inaruhusiwa kuanzia juu ya sifuri kwa sababu inasomwa kwa mwelekeo wake, ila namba za mhimili zionekane wazi.

Kuna wakati pia ambapo maneno na wastani huficha jambo ambalo picha ingelifichua. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti 4 za takwimu, kila moja na nukta 11. Wastani wake ni ule ule, 9 kwa upande mmoja na 7.5 kwa upande wa pili, na kipimo cha uhusiano wa pande hizo mbili (korelasheni) ni kile kile, takriban 0.82. Ukiziandika kwa maneno ni kitu kimoja. Ukizichora, moja ni mstari wenye mtawanyiko, nyingine ni mpindo, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na ya nne ni nukta zilizosimama wima na moja peke yake mbali. Makala unayoifupisha ikiwa na grafu yenye mpindo au nukta iliyotoroka, usiitupe grafu ile ukabakiza wastani.

Na usilidharau jedwali. Vitu 3 hadi 5 vikilinganishwa kwa sifa 3 hadi 6, kwa mfano aina za mafaili, mipango ya malipo au mbinu za kusimba data, hakuna mchoro unaolishinda. Kwenye simu weka safu wima 3 tu, ya kwanza ikiwa majina. Ukizidisha, msomaji atalazimika kusukuma kulia na kupoteza jina la kitu anachokisoma.

Hesabu ya skrini ya simu

Watu wengi huchora kwenye kompyuta na kusomwa kwenye simu. Hapo ndipo picha nzuri hufa, na hesabu yake ni rahisi.

Picha ya kawaida ya mitandao ya kijamii ina upana wa pikseli 1080. Skrini ya simu ya kawaida huionyesha kwenye upana wa vipimo 360 hivi vya ukurasa, yaani theluthi. Maandishi yanayosomeka bila kukunja uso kwenye simu ni ya ukubwa wa 16 kwa vipimo hivyo hivyo. Kwa hiyo ndani ya picha yako herufi ziwe na ukubwa wa pikseli 48, na kwa hali yoyote zisishuke chini ya 36, ambazo simu itazionyesha kama 12.

Endelea na hesabu. Ukiacha pembezoni pikseli 60 kila upande, unabaki na 960. Herufi ya ukubwa wa 48 huchukua wastani wa nusu ya hapo kwa upana, kwa hiyo mstari unabeba herufi 40, ambazo kwa Kiswahili ni maneno 6 hivi. Picha yenye kimo cha 1350, ukitoa kichwa na nafasi za kupumua, inabeba mistari 15. Hiyo ni maneno 90 kama hakuna mchoro wowote. Ukiweka mchoro unaostahili kuitwa mchoro, unabaki na maneno 40 hadi 50.

Basi hiki ni kipimo cha haraka: kama maneno yanayohitajika ndani ya picha yamezidi 50, huna muhtasari wa picha. Igawe iwe picha mbili au rudi kwenye maandishi. Kupunguza ukubwa wa herufi si suluhisho. Kumwachia msomaji akuze kwa vidole viwili pia si suluhisho, maana akikuza haoni tena uhusiano wa sehemu na sehemu, na uhusiano huo ndio ulikufanya uchore.

Hifadhi michoro yenye maandishi na mistari katika faili la aina ya PNG, au SVG pale inapokubalika. JPEG ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Kwenye kingo za herufi huacha ukungu na vumbi. Programu za kutumiana ujumbe huibana picha tena, na kila inapopitishwa kwa mwingine ukungu unaweza kuongezeka. Kwenye WhatsApp, ukiituma kama faili la kawaida badala ya picha, hufika kama ilivyo.

Kuhusu rangi, miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti inataka uwiano wa utofautishaji, yaani tofauti ya mwangaza, wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa na sehemu muhimu za mchoro. Kijivu cha msimbo #767676 juu ya nyeupe hupita kwa shida. #999999, ambacho wabunifu hukipenda sana, hakifiki. Kisha igeuze picha yote kuwa nyeusi na nyeupe uiangalie. Kama sehemu mbili ulizozitofautisha kwa nyekundu na kijani sasa zinafanana, mtu asiyetofautisha rangi hizo hataona ulichokusudia, na tatizo hilo huwapata wanaume wengi zaidi kuliko wanawake. Ongeza mistari, nukta au jina lililoandikwa juu ya sehemu yenyewe.

Anayepokea, na maisha ya muhtasari baada ya kutumwa

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea: kwamba kuna watu wa kuona na watu wa kusoma, na kila mmoja apewe muhtasari wa aina yake. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliupitia utafiti wa mitindo ya kujifunza mwaka 2008 na hawakupata ushahidi wa kutosha kuunga mkono mafundisho yaliyojengwa juu yake. Mtu anaweza kupenda picha na bado akaelewa masharti ya mkataba vizuri zaidi kwa maandishi. Mada ndiyo yenye umbo.

Kinachotofautiana kwa kweli ni hali ya mpokeaji. Asiyeona au mwenye uoni hafifu hutumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma skrini kwa sauti, na kisoma skrini hakisomi maandishi yaliyo ndani ya picha kwa uhakika. Mwenye bando dogo hulipia kila kilobaiti: maneno 150 ni kilobaiti 1 tu, wakati picha safi ya 1080 inaweza kufika 200 au 500. Anayesoma kwa lugha ya pili huenda akataka kunakili na kutafsiri. Anayekusudia kukunukuu anahitaji kunakili pia. Atakayerudi kutafuta jambo baada ya miezi 6 atalitafuta kwa neno, na neno lililofungwa ndani ya picha mara nyingi halipatikani kwa utafutaji wa kawaida.

Kuna pia suala la mabadiliko. Maandishi husahihishwa kwa dakika moja. Picha ikishatoka huzunguka peke yake, bila kiungo cha ukurasa ilikotoka na bila tarehe. Taarifa inayobadilika, kama bei, tarehe za mwisho, matoleo ya programu au kanuni, iandikwe. Ukilazimika kuichora, weka tarehe ya kutengenezwa na anwani ya ukurasa wa asili ndani ya picha yenyewe, kwenye kona, kwa herufi za ukubwa wa 36.

Taarifa ambayo kosa lake humuumiza mtu, kwa mfano vipimo vya dawa, volteji au masharti ya kisheria, iandikwe kwa maneno hata kama viunganishi vinaelekeza kwenye picha. Picha inaweza kusindikiza, ila isisimame peke yake.

Kuviweka pamoja bila kurudiana

Kosa la kawaida ni kuchora, kisha kueleza kwa aya nzima kile kilichochorwa. Msomaji husoma mara mbili, na akikuta tofauti ndogo kati ya hivyo viwili, haviamini vyote. Gawa kazi: picha ibebe kiasi, mahali na mfuatano, maneno yabebe sababu, masharti na vighairi. Sentensi inayohusu sehemu fulani ya mchoro ikae kando ya sehemu hiyo, isikae kwenye ufunguo wa rangi chini ambako macho lazima yaende na kurudi.

Kichwa cha picha kiseme jambo. "Kasi ya mbinu 4" hakisemi kitu. "Mbinu ya tatu ni ya haraka mara 2 kuliko inayoifuata" kimeshamaliza nusu ya kazi. Maelezo mbadala yanayosomwa na kisoma skrini nayo yawe hivyo hivyo: sentensi moja au mbili zinazosema picha inaonyesha nini. Ukiandika "chati ya nguzo" umemnyima msomaji huyo kila kitu.

Kama unafupisha grafu kwa maneno, taja mambo manne: inaanzia wapi, inaishia wapi, kilele au bonde liko wapi, na inageuka lini. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Ukitumia programu ya akili unde (AI)

Programu hizi hufupisha kwa sekunde, na zinapokosea hukosea kwa namna zinazotabirika, kwa hiyo zinakaguliwa kwa namna maalumu. Zina kawaida ya kugeuza *inaweza kusababisha* kuwa *husababisha*. Huacha masharti. Huhamisha namba kutoka kitu kimoja hadi kingine. Kwenye maandishi marefu, yaliyo katikati hupata uzito mdogo kuliko ya mwanzo na mwisho. Na ukiipa kiungo tu, baadhi hazifungui ukurasa. Hukisia kwa kusoma anwani. Bandika maandishi yenyewe.

Ukishapata muhtasari, pigia mstari kila namba, kila jina na kila neno la mashaka, kisha utafute kila kimoja kwenye makala ya asili kwa Ctrl na F. Kisichopatikana kifute. Kwa makala ya maneno 2,000 kazi hii haizidi dakika 5.

Ukiiomba programu ikutengenezee infografiki, yaani picha inayobeba taarifa kwa michoro na maneno, kagua herufi moja moja. Programu za kuchora zinaweza kuharibu tahajia, hasa kwa lugha zisizo na maandishi mengi mtandaoni, na urefu wa nguzo zao mara nyingi haulingani na namba zilizoandikwa juu yake. Ni salama zaidi kuiomba itoe data katika jedwali, ukahakiki, kisha ukachora chati mwenyewe kwenye programu ya majedwali.

Muhtasari wa video una shimo lake. Programu nyingi husoma maneno yaliyosemwa tu. Msemaji akisema "kama mnavyoona hapa", kilichoonekana hapo hakimo. Pitia sehemu hizo kwa macho, na pale palipo na mchoro piga picha ya skrini au uieleze.

Jaribu kabla ya kutuma

Tunga maswali 3 ambayo msomaji wa makala ya asili angeweza kuyajibu: moja la ukweli, moja la sababu, moja la sharti au kighairi. Mpe muhtasari mtu ambaye hajasoma makala, kwenye simu, kwa sekunde 60. Uchukue simu, kisha umuulize.

Akikosa la ukweli kwenye maandishi, jambo lenyewe limezama katikati ya aya. Lipandishe kwenye sentensi ya kwanza, au kama ni ulinganisho wa namba, lipe jedwali. Akikosa la ukweli kwenye picha, herufi ni ndogo au vitu ni vingi mno. Akikosa la sababu kwenye picha, usiongeze mshale. Ongeza sentensi moja chini yake. Akikosa la kighairi, na hili ndilo hukosewa zaidi, angalia kama kighairi kipo kabisa. Kama kipo ndani ya picha, kitoe nje ukiandike kwa maneno. Kama ulikiacha ili picha ipendeze, anza upya kwa maandishi.